Manyoya, mayai na maziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ndege na mamalia

Maswali haya yamenifikia kutoka kila upande: kwa wanafunzi wa darasa la tano na la sita, kwa wazazi waliokwama na kazi za nyumbani za watoto wao, kwa wafugaji wa kuku, na kwa jirani yangu mmoja ambaye hawezi kunipita bila kuniuliza habari za popo. Sikuyapanga kwa utaratibu wa kitabu. Mwenye haraka aruke hadi swali lake. Mwenye nafasi aanze na lile la damu moto, maana mengi ya hapa chini yanatoka humo.

Kwani ndege si mnyama?

Inategemea unaongea na nani. Mtaani mnyama ni mbuzi, paka, simba. Kuku ni ndege, changu ni samaki, panzi ni mdudu, na anayesema hivyo hajakosea Kiswahili. Darasani neno hilo limetanuliwa likawaingiza wote: kuku, changu, panzi, konokono, hata mchango wa tumboni. Wale wenye uti wa mgongo hugawanywa katika makundi matano, yaani samaki, amfibia, reptilia, ndege na mamalia. Kwa hiyo yule tunayemwita "mnyama" nyumbani, kwa lugha ya darasani ni mamalia, na kuku naye ni mnyama kama yeye.

Nimesahihisha madaftari mengi na ninaweza kuapa kwamba alama nyingi hupotelea hapa. Mtoto anawajua viumbe vizuri tu, ila anajibu kwa Kiswahili cha jikoni swali lililoulizwa kwa Kiswahili cha kitabu.

Alama gani humtambulisha mamalia?

Maziwa. Jina lenyewe, alilolisimika Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Sweden aliyewapanga viumbe katika makundi, mwaka 1758, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya titi. Jike la mamalia, awe panya buku au nyangumi, hutengeneza maziwa mwilini mwake na kumlisha mtoto. Alama ya pili ni nywele, ziwe nyingi kama za kondoo au chache kama za kiboko. Ya tatu imejificha ndani ya sikio: vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, vinavyopokezana sauti kutoka kwenye ngoma ya sikio. Wachimbaji wa mabaki ya kale huthamini sana mifupa ya sikio na ya taya, kwa sababu maziwa hayaachi alama kwenye mwamba.

Kuzaa si alama, ingawa karibu kila mtu huanza na hilo. Kifutu ni nyoka na anazaa watoto wazima wanaotambaa palepale. Papa wengi nao huzaa. Upande wa pili yuko platipasi wa Australia, ambaye vitabu vingine humwita kinyamadege: ana mdomo kama wa bata na anataga mayai, lakini mayai yakianguliwa watoto hunywa maziwa. Hana chuchu, maziwa humtoka kwenye ngozi ya tumbo na watoto huyalamba kwenye manyoya. Ni mamalia kamili, na joto la mwili wake ni kama nyuzi 32, chini kidogo ya letu.

Na ndege je?

Manyoya, basi. Kuruka si alama, kwa kuwa mbuni na ngwini hawaruki na kumbikumbi wanaruka. Kutaga si alama, kwa kuwa mamba na kobe wanataga. Mdomo mgumu usio na meno si alama, kwani kobe anao. Lakini kati ya viumbe wote walio hai leo, hakuna mwingine mwenye manyoya ya aina ile isipokuwa ndege.

Mbona paka naye ana manyoya?

Swali zuri, na kosa ni la lugha yetu. Kiswahili kimelitwika neno moja mizigo miwili: manyoya ya kuku na manyoya ya paka. Kwa binadamu tukapata utajiri: nywele, ndevu, kope, mpaka malaika wa mkononi. Kwa wengine tukamaliza kwa "manyoya". (Ndivyo ilivyo pia kwa "mdomo", ambao ni wa mtu na ni wa kasuku.)

Chukua nyoya la bawa la kuku ulitazame juani. Katikati pana uti, na pande zote mbili zimetoka nyuzi nyingi zilizoshikana. Zitenganishe kwa kidole, kisha uzipapase kuelekea ncha. Zitashikana tena kama zipu. Zina vikulabu vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndege anapojichokora kwa mdomo asubuhi anakuwa anavirudisha vikulabu hivyo mahali pake. Unywele wa paka hauna lolote la hayo. Ni uzi mmoja, umeota kutoka kwenye tundu la ngozi, basi.

Malighafi ni moja, keratini, ileile inayotengeneza kucha, kwato na magamba ya miguu ya kuku. Mamalia wameifinyanga kwa namna za ajabu. Miiba ya nungunungu ni nywele zilizokakamaa, na hairushwi kama mishale, isipokuwa huchomoka kirahisi ikimchoma adui. Pembe ya kifaru ni keratini tupu, haina mfupa ndani. Anayeinunua kama dawa angeweza kutafuna kucha zake bure. Kakakuona amejifunika magamba mwili mzima hata watu wakamdhania ni jamaa ya mjusi, lakini ananyonyesha na kumbeba mtoto wake juu ya mkia. Huko kwetu wazee walikuwa wakimwekea maji, nafaka na silaha mbele yake waone atagusa nini, wajue mwaka utakuwa wa mvua, wa mavuno au wa vita. Afadhali heshima hiyo kuliko gunia la msafirisha magendo.

Damu moto maana yake nini?

Haimaanishi kwamba ya kuku inaunguza na ya mjusi ina barafu. Mjusi aliyeota jua saa sita mchana anaweza kuwa na damu yenye joto kuliko yako. Tofauti ni nani anayelipia joto hilo. Mjusi huliazima kutoka kwenye jua na mwamba. Jua likizama naye hupoa na kuzubaa. Ndege na mamalia hulitengeneza wenyewe ndani ya mwili, usiku na mchana, kwa kuchoma chakula. Binadamu hukaa karibu na nyuzi 37. Kuku mkubwa mwenye afya yuko kati ya 41 na 42, kiwango ambacho mtu akikifikia anakimbizwa hospitali.

Faida yake ni kubwa. Misuli iko tayari saa zote, ndiyo maana bundi na popo wanaweza kuwinda usiku, na ngwini wakaishi kwenye barafu. Lakini gharama yake ndiyo inayoeleza karibu kila kitu kingine kuhusu miili yao. Mamba mkubwa anaweza kukaa miezi bila kula. Kirukanjia, yule mdogo mwenye pua ndefu na harufu kali, akikosa chakula kwa saa chache tu yuko hatarini. Kwa nini mdogo ateseke zaidi? Angalia mezani: andazi hupoa kabla ya sufuria ya wali. Kiumbe mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na ujazo wake, kwa hiyo joto humtoka haraka, na ni lazima ale bila kupumzika ili alirudishe. Tembo ni ile sufuria ya wali. Shida yake ni kupoza, na ndiyo kazi mojawapo ya masikio yale mapana yenye mishipa ya damu.

Kutokana na gharama hiyo yamekuja manyoya na nywele za kuzuia joto lisipotee, na mafuta mazito ya nyangumi. Umekuja pia moyo wa vyumba vinne, unaotenga damu yenye oksijeni na isiyo nayo ili moto usizimike. Ndege na mamalia wote wanao moyo huo, lakini hawakuurithi kwa babu mmoja aliyekuwa nao. Kila ukoo uliufikia kwa njia yake.

Kuna wanaokwepa sheria. Ngamia akikosa maji huacha mwili upate joto mchana, kutoka kama nyuzi 34 alfajiri hadi zaidi ya 40, kisha hulitoa usiku bila kupoteza jasho. Na fuko asiye na manyoya, anayeishi mashimoni kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, ameacha karibu kabisa kujipasha joto: mwili wake hufuata joto la shimo. Wanaishi kundi kubwa chini ya malkia mmoja anayezaa, kama nyuki, na panya huyo mwenye sura ya soseji iliyokunjamana huweza kufikisha zaidi ya miaka 30. Panya wa darini akifika miaka mitatu ni mzee.

Kuku wangu wanakufa kila joto la Februari likipanda, na hawana ugonjwa. Shida nini?

Kuku hana tezi za jasho. Njia zake za kupoza mwili ni kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa ili hewa ipite kwenye ngozi ya ubavuni. Kwa kuwa anaanzia nyuzi 41, nafasi iliyobaki juu yake ni ndogo sana kabla mwili haujavurugika. Wape nafasi, wasibanane. Maji yawe ya baridi na yabadilishwe mara kwa mara. Paa la bati liwekewe makuti juu yake. Na chakula kitolewe alfajiri na jioni, kwa sababu usagaji wa chakula nao unazalisha joto. Banda lisilopitisha hewa linaua kuku kuliko watu wanavyofikiri, na kisha analaumiwa jirani mwenye kijicho.

Lakini wakianza kufa wengi kwa pamoja, wakiharisha kijani au kupinda shingo, hilo si joto. Huenda ni kideri. Mwite mtaalamu wa mifugo.

Popo ni ndege au ni nani?

Hapa ndipo jirani yangu hupasimamia. Nyanyake alimsimulia ile hadithi ya vita vya ndege na wanyama, popo akahamia kila upande ulioshinda, mwisho wote wakamkataa, ndiyo maana hutoka usiku kwa aibu. Hadithi tamu. Ila popo ni mamalia wa moja kwa moja: ana nywele, ana masikio yaliyochomoza, ana meno, anazaa, kwa kawaida mtoto mmoja, na anamnyonyesha.

Ukitaka ushahidi, litazame bawa. Bawa la kuku ni mkono ambao vidole vyake vimeungana na kupungua, na kazi ya kuruka imeachiwa manyoya. Bawa la popo ni kiganja kizima. Vidole vinne vimerefuka kupita kiasi, ngozi nyembamba imetandazwa kati yake kama kitambaa cha mwavuli, na kidole gumba kimebaki nje na ukucha wake wa kung'ang'ania. Kati ya mamalia wote, popo peke yao ndio wanaoruka kwa kupiga mabawa. Wengine wanaosemwa kuruka huteleza tu kutoka mti hadi mti. Na si wachache: aina za popo zimepita 1,400, kati ya aina zaidi ya 6,000 za mamalia duniani.

Si vipofu pia. Popo wadogo wala wadudu hutoa sauti kali kupita uwezo wa masikio yetu na kusikiliza mwangwi wake, ndivyo wanavyomkamata mbu gizani bila kugonga nguzo. Wengi wa wale wakubwa wala matunda hutegemea macho na pua. Maarufu kuliko wote kwetu ni popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwa asili mahali pengine popote duniani. Akitanua mabawa hupita mita moja na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Wanakijiji wa sehemu kama Kidike wakaamua kuwalinda kwenye miti wanamolala, na idadi yao ikapanda tena hadi maelfu mengi. Wanaolalamika kwamba popo wanakula maembe yao wana haki ya kulalamika. Wakumbuke tu kwamba miti mingi ya msituni isingesambaa bila mbegu zinazodondoshwa usiku na watu hao hao.

Maziwa ya kuku yapo?

Ukitumwa utafute maziwa ya kuku, ujue umepewa kazi isiyokwisha. Kuku hana kiwele wala chuchu. Kifaranga wake hutoka ndani ya yai akiwa na kiini tumboni cha kumtosha siku mbili tatu, ndiyo maana vifaranga wanaweza kusafirishwa kwenye maboksi mara tu wanapoanguliwa.

Lakini maziwa ya njiwa yapo. Siku za mwanzo, njiwa hutoa kutoka kwenye kile kifuko cha shingoni ute mzito mweupe wenye mafuta na protini nyingi, na kinda huingiza mdomo wake ndani ya mdomo wa mzazi kuufuata. Hayatoki kwenye titi, kwa hiyo njiwa habadiliki kuwa mamalia. Na dume hutoa vilevile kama jike. Heroe, wale ndege wa waridi wanaozaliana Ziwa Natron, nao wana maziwa ya namna hiyo, tena mekundu.

Kwa nini madume ya ndege husaidia kulea na madume ya wanyama wengi hawaonekani?

Yai likishatoka nje, linataka joto, na joto halijali limetoka kwa nani. Dume anaweza kuatamia sawasawa na jike. Mbuni hupeana zamu: jike mwenye rangi ya vumbi hulalia mchana, dume mweusi hulalia usiku, kila mmoja saa ambayo rangi yake inamficha, kwa muda wa kama siku 42. Hondohondo wamekwenda mbali zaidi. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi mpaka ukabaki ufa mwembamba, na dume huleta matunda na wadudu siku hadi siku, akimlisha yeye na kisha makinda. Dume akiuawa, familia nzima iko mashakani.

Kwa mamalia, mimba iko tumboni mwa mama na maziwa yako kifuani au tumboni mwake. Dume la mbuzi hata angetaka, angesaidia na nini? Wapo wanaosaidia: mbwa mwitu hucheua nyama kwa watoto wa kundi zima, na bweha dume na jike hulea pamoja. Lakini ni wachache. Na wewe baba unayesoma hapa, chupa ya maziwa imeshavumbuliwa.

Kuku anaweza kutaga bila jogoo?

Anaweza, na mayai mengi ya dukani ni ya namna hiyo. Yai moja humchukua kuku karibu siku nzima kulitengeneza, kama saa 24 hadi 26, na sehemu kubwa ya muda huo hutumika kujenga ganda. Chokaa ya ganda ikikosekana kwenye chakula huchukuliwa kwenye mifupa ya kuku mwenyewe. Jogoo anahitajika tu ukitaka vifaranga, na watatoka baada ya siku 21.

Hapa nina la kuongeza. Kwa ndege, jike ndiye mwenye aina mbili za kromosomu za jinsia (vile vijiuzi vya urithi ndani ya seli), kwa hiyo yai la mama ndilo linaloamua kifaranga awe jogoo au tembe. Kwa mamalia ni kinyume: mbegu ya dume ndiyo inayoamua. Nimewahi kuketi kwenye kikao cha ukoo ambapo mke alisutwa kwa kuzaa mabinti watano mfululizo. Biolojia ya kikao kile ilikuwa ya kuku.

Nyangumi, pomboo na nguva si samaki?

Si samaki. Wanapumua hewa kwa mapafu, na wakikaa chini ya maji muda mrefu kupita uwezo wao watakufa maji kama mimi na wewe. Mvuvi anaweza kuwatofautisha kwa mkia bila kugusa kitabu: samaki hupiga mkia kushoto na kulia, nyangumi na pomboo hupiga juu na chini, kwa sababu uti wao wa mgongo hukunjika kama wa duma anayekimbia. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka bahari za kusini zenye barafu kuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Watamu na Zanzibar huonekana wakirusha maji.

Nguva ana ukoo wa kushangaza zaidi. Ndugu zake wa karibu walioko nchi kavu ni tembo na pimbi, yule mdogo kama sungura anayeota jua kwenye miamba. Ukimtazama nguva jike utaona matiti yako karibu na makwapa, na ya tembo yako kifuani kati ya miguu ya mbele. Huenda mabaharia waliomwona akielea na mtoto ndio waliotuachia hadithi za mwanamke nusu mtu nusu samaki. Anakula hasa nyasi za baharini, na pwani ya Kenya na Tanzania amebaki adimu sana, kwa sababu ya nyavu.

Mimba za wanyama hudumu muda gani?

Panya kama wiki tatu, sungura mwezi mmoja, paka na mbwa miezi miwili na siku chache, mbuzi miezi mitano, ng'ombe tisa na kidogo, twiga karibu 15, tembo 22. Ya nguruwe ndiyo rahisi kukariri: miezi mitatu, wiki tatu, siku tatu.

Ndege hawaishiwi pumzi huko juu?

Mwaka 1973, juu ya Abidjan, ndege ilimgonga ndege. Ya kwanza ilikuwa ya abiria. Wa pili alikuwa tumbusi wa aina ambayo tunaye hata Serengeti, na alikuwa kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000, ambako binadamu bila oksijeni angezimia mara moja.

Sisi huvuta hewa ndani na kuitoa kwa njia ileile, tukisaidiwa na kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kwa hiyo hewa mpya huchanganyika na masalia ya ile iliyotumika. Ndege hana kiwambo kama chetu. Ana mifuko ya hewa, kwa kawaida tisa, iliyosambaa kifuani na tumboni, na mingine huingia mpaka ndani ya mifupa. Mifuko hiyo husukuma hewa ipite mapafuni kwa upande mmoja tu, kama barabara isiyoruhusu kurudi, kwa hiyo mapafu hupata hewa mpya anapovuta na anapotoa. Ukichinja kuku ukaona utando mwembamba kama nailoni katikati ya viungo vya ndani, huenda umeiona mifuko yenyewe.

Kwa nini kinyesi cha ndege kina weupe?

Weupe ule ndio mkojo wake. Badala ya kuuyeyusha kwenye maji mengi, ndege huutoa kama uji mzito, kwa tundu lilelile la kinyesi na mayai. Anaokoa maji na habebi kibofu angani.

Twiga ana mifupa mingapi shingoni?

Saba, kama wewe na kama panya, ila mmoja mmoja ni mrefu. Karibu mamalia wote wana saba. Bundi ana 14, ndiyo maana anaweza kukutazama akiwa amekupa mgongo.

Ni kweli kuku ametokana na dinosaria?

Ndege wote ni tawi la dinosaria lililosalimika baada ya maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka 1861 Ujerumani ulipatikana mwamba wenye kiumbe aliyekuwa na manyoya na mabawa, lakini pia meno na mkia mrefu wa mifupa. Tangu wakati huo ushahidi umezidi kuongezeka. Ndege walitoka kwa wale dinosaria waliotembea kwa miguu miwili. Yule jitu mwenye shingo ndefu aliyechimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya 1909 na 1913, na ambaye mifupa yake iko Berlin hadi leo, ni ndugu wa mbali tu. Ukitaka kuuona undugu, tazama mguu wa kuku kabla haujaingia kwenye supu: vidole vitatu mbele, magamba, kucha.

Kuku akiumwa na mbwa mwenye kichaa, tunaweza kumla?

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa mamalia. Kwa kawaida ndege hawaupati wala hawauambukizi. Hata hivyo mate ya mbwa yako kwenye jeraha la kuku, na anayemnyonyoa ana mikwaruzo mikononi. Mfukie, hasara ya kuku mmoja inavumilika. Na mtu akiumwa na mbwa, paka, bweha, popo au mamalia mwingine yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Dalili zikishaanza, dawa hakuna. Hili silitanii.

Ndege na mamalia wote wameshajulikana?

Bado. Ndege wanakaribia aina 11,000 na walio wengi wameshaandikwa, lakini milima yetu ina tabia ya kuficha. Kipunji, nyani mwenye shungi wa Rungwe na Ndundulu, alitangazwa na wanasayansi mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake siku zote. Mwaka 2008 akafuata sange wa Udzungwa, mwenye uso wa kijivu na pua kama kimkonga.

Ninayempenda zaidi ni kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini msituni, chakula kinapikwa, mmoja akachungulia sufuriani akaona miguu ya ndege ambayo hakuifahamu. Baada ya kuwapata wazima wakabaini kwamba ndugu zake wa karibu hawako Afrika, wako Asia. Jina la kisayansi alipewa mwaka 1994. Yule wa kwanza alishaliwa.